Nimebakiza magari mawili, Porsche 911 na Aston Martin Vantage, na mke wangu ana sharti lake

Assalaam aleikum, Fundi.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na huu ni mwaka wa 24 niko Leicester. Naendesha lori usiku, kutoka maghala ya Lutterworth kwenda kaskazini na kurudi alfajiri. Nina miaka 57. Watoto wote watatu wamesoma na wanajitegemea, na binti yangu mkubwa amenipa mjukuu wa kike ambaye mwezi uliopita ametimiza miaka minne. Nyumba ya Mtwapa imekwisha, haidaiwi. Marehemu mama nilimpeleka hija akiwa bado na nguvu zake. Nakutajia haya ili ujue kuwa pesa ninazotaka kukuulizia hazikutoka kinywani mwa mtu.

Kwa miaka 11 nimekuwa nikiweka pesa za ovataimu kwenye akaunti ya peke yake. Zimefika pauni 34,000. Mke wangu anazijua tangu pauni ya kwanza. Nilimwambia nataka gari la spoti, moja tu, kabla macho na viungo havijachoka. Akanyamaza siku mbili, kisha akaniambia: "Nunua. Lakini nitapanda mwenyewe na nitashuka mwenyewe. Siku utakayonivuta mkono mbele za watu kama gunia la mchele, tunaliuza." Goti lake la kushoto lilifanyiwa upasuaji miaka miwili iliyopita na halijarudi sawasawa.

Nimechuja mpaka nimebakiza mawili. La kwanza ni Porsche 911 Carrera S, ile ya toleo la 997, injini ya lita 3.8, gia za mkono, rangi ya fedha. Imesajiliwa Februari 2006 na ina maili 81,000. Muuzaji wa yadi anataka pauni 27,500. La pili ni Aston Martin V8 Vantage ya 2007, injini ya lita 4.3, nayo gia za mkono, kijani kilichokolea, maili 39,000. Mwenyewe ni mzee mstaafu, anataka 31,000 na hapunguzi.

Porsche niliiendesha dakika 20. Kila nilichotaka ilikifanya, hata kabla sijamaliza kukitaka. Aston mzee aliiwasha mimi nikiwa nimesimama nyuma yake, na ule mlio niliusikia mbavuni. Siku tatu nzima nilikuwa nausikia nikiwa ndani ya lori.

Rafiki zangu wa msikitini wamegawanyika. Kuna wanaosema Aston itanifilisi, na kuna wanaosema 911 kila daktari wa meno anayo. Yadi nyingine imenishawishi nichukue Vantage mpya zaidi, ya 2010, injini ya lita 4.7, kwa mkopo wa kujazia, nilipe kidogo kidogo halafu mwisho nilipe fungu kubwa. Mdogo wangu wa Mombasa aliposikia akasema hizo ni pesa za kununua matatu, siyo za kuchezea.

Mpango wangu ni kustaafu baada ya miaka mitatu, nilitie gari kwenye kontena mpaka Kilindini, na niishi nalo Mtwapa. Najiona jioni navuka daraja la Nyali nikiwa na mke wangu, vioo viko chini. Niambie, nichukue lipi? Na je, nakosea?

Dereva wa Usiku, Leicester

*

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Nianzie Kilindini, kwa sababu hapo ndipo mpango wako unapokatika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo inamhusu hata Mkenya anayerudi nyumbani moja kwa moja. Mtu huyo anaweza kusamehewa ushuru wa gari lake akitimiza masharti, na mojawapo ni kuwa amelimiliki mwaka mzima huko alikotoka, lakini umri wa gari hausamehewi. Porsche ya 2006 na Aston ya 2007 zote zimeupita umri huo mara mbili na zaidi. Hata hiyo ya 2010 wanayotaka kukukopesha haipiti. Nimemwona mtu hapa alilipia kabisa nafasi ya kontena ndipo akaja kuuliza, na gari likabaki Uingereza likiuzwa kwa haraka, kwa bei ya anayejua huna pa kulipeleka. Sitaki hilo likupate.

Najua daraja la Nyali lilikuwa nusu ya ndoto. Pole sana. Lakini ni afadhali uumie leo na pesa zikiwa zako bado. Chukulia sasa kwamba unanunua gari la kukaa nalo Uingereza miaka mitatu, kisha uliuze uondoke. Ukilitazama hivyo, mambo kadhaa uliyoyapima yanabadilika uzito.

Magari yenyewe umechagua kama mtu anayejua. Porsche waliionyesha 911 Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901. Peugeot wakadai namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni zao, ndipo ikaitwa 911. Tangu siku hiyo injini imekaa nyuma, mwisho kabisa, nyuma ya ekseli. Wewe wa lori huhitaji maelezo marefu hapo: mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unasukuma. Kwenye lami iliyolowa, ukiingia kona kwa kasi halafu ukaachia mafuta ghafla katikati, mkia unataka kutangulia. Ukipunguza mwendo kabla ya kona na ukaanza kukanyaga mapema, uzito uleule unakandamiza matairi ya nyuma chini na gari linatoka kwenye kona kama limevutwa kwa kamba. Ndiyo ile hali uliyoisema, kwamba ilikifanya unachotaka kabla hujamaliza kukitaka.

Vantage ilionyeshwa Geneva mwaka 2005, na waliyemkazia macho walipoiunda alikuwa huyohuyo 911. Iliundwa Gaydon, Warwickshire, si mbali na hapo ulipo. Injini yake ya V8 ina asili ya Jaguar na ilifungwa Cologne, Ujerumani, kwa sababu wakati ule Aston Martin ilikuwa mali ya Ford, mpaka 2007. Injini imesukumwa nyuma ya ekseli ya mbele, giaboksi imepelekwa nyuma kabisa karibu na tairi, kwa hiyo uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Ni gari tulivu, zito kidogo mkononi, linalopenda barabara ndefu. Na ule mlio, wallahi, nimezitengeneza nyingi na bado nikisikia moja inawashwa uani naweka spana chini.

Usipoteze usingizi kwa tofauti ya nguvu. Carrera S ina nguvu za farasi 355, Vantage 380. Barabara nzuri iliyo karibu nawe ni ya milima ya Peak District, na ile A537 inayotoka Buxton kwenda Macclesfield, ambayo kila mpenda magari anakwenda, ina kikomo cha maili 50 kwa saa na kamera zinazopima wastani wa mwendo wako njia nzima. Farasi 25 hawana pa kukimbilia.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye hiyo Porsche, kwa sababu hapo ndipo unaweza kuumizwa bila kujua.

Mwaka 2017 nilimkagulia mteja 911 kama hiyo unayoitaka, 997 ya lita 3.8. Nilitazama kila kitu isipokuwa ndani ya silinda. Muuzaji alikuwa na haraka, nami nikaikubali haraka yake. Ilikuwa Machi. Novemba mteja akarudi. Bomba moja la ekzosi lilikuwa na masizi mazito kuliko la pili, na injini ikishapata moto ilikuwa inagonga polepole, tik, tik, tik, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Nilichomoa plagi, nikaingiza kamera ya waya, na kwenye kioo nikaona ukuta wa silinda una mistari ya wima imechimbika, kama paka ameshukia hapo na kucha zake. Injini ile ilimgharimu zaidi ya pauni 10,000. Alikuwa mtu mpole, hakunipandishia sauti, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Tangu siku hiyo sikagui 3.8 bila kamera, na mwenye gari akikataa, naondoka.

Kinachotokea ni hivi. Silinda za injini ile hazina mkebe wa chuma ndani. Ni alumini yenye chembe za silikoni, na pistoni ina ngozi nyembamba ya kuilinda. Ngozi ikichubuka, alumini inasugua alumini. Baridi na safari fupi fupi huharakisha, na Uingereza haikosi vyote viwili. Injini ya lita 3.8 inaugua hivyo kuliko ile ya 3.6. Siyo kila gari linapatwa, na maili 81,000 peke yake hazinitishi, lakini kwa macho ya nje hujui. Basi lipa fundi wa Porsche asiyehusiana na hiyo yadi, apandishe gari kwenye lifti, apitishe kamera silinda zote sita, na akupe picha za kila moja. Mia chache za pauni hizo ndizo pesa bora utakazotumia katika jambo hili lote.

Palepale mwambie akusomee kompyuta ya injini. Magari ya gia za mkono yanaandika kila mara injini ilipozungushwa kupita kiasi, katika madaraja sita, pamoja na saa za injini zilizokuwa zimefika ilipotokea mara ya mwisho. Madaraja ya chini ni mtu kukanyaga mpaka mwisho, hayana neno. Madaraja ya juu ni mtu aliyetaka gia ya nne akaingiza ya pili. Ukiona namba kubwa huko juu, na ni za karibuni, liache. Kuna pia beringi ya shafti ya kati, jina lake ukiliuliza kwa mafundi ni IMS. 997 za mwanzo mwanzo zilibakiwa na beringi ndogo iliyokuwa na sifa mbaya, kisha Porsche wakaweka kubwa, na gari lako limesajiliwa karibu na mpaka huo. Namba ya injini itamsaidia fundi kujua. Ndogo inaweza kubadilishwa wakati wa kubadilisha klachi. Kubwa haitoki bila kufungua injini, ila nayo ni imara zaidi.

Kitu cha mwisho kwenye Porsche unaweza kukifanya mwenyewe. Chukua tochi, piga magoti, tazama ndani ya matundu mawili ya bampa ya mbele. Radieta ziko humo, na majani yaliyooza yanajazana kama chai iliyobaki kwenye kichujio. Mwenye gari aliyelipenda huyasafisha. Ukikuta udongo mweusi uliogandamana, ujue mengine mengi hayakufanywa.

Vantage ina matatizo machache, na makubwa yake ni ya gharama kuliko ya kuogofya. Klachi ndiyo mama yao. Klachi imekaa mbele kwa injini na giaboksi iko nyuma, na kati yao kuna bomba refu lililobeba shafti. Kubadilisha klachi ni kushusha giaboksi na kulirudisha bomba lile nyuma, kazi inayotuchukua siku mbili, na bili yake ni maelfu ya pauni. Muulize mzee ilibadilishwa lini, na akwambie kwa risiti. Kisha tazama mbele ya injini, kwenye mfuniko wa cheni. Hizi za 4.3 zinajulikana kuvuja oili hapo. Pitisha kiganja kwenye milango, karibu na vishikio na kingo za chini: ukihisi vipele chini ya rangi, alumini imeanza kula. Ni ugonjwa wa polepole, lakini kupaka rangi paneli za Aston ukapata ileile ya kijani siyo kazi ya bei rahisi.

Usimdharau mzee. Mtu aliyetembea maili 39,000 kwa miaka yote hiyo aidha amelilea gari au amelisahau gereji. Yote mawili unayapata kwenye kumbukumbu za MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ambazo ziko wazi mtandaoni bure ukiwa na namba ya gari. Soma maili za kila mwaka na yale maneno ya tahadhari ya mkaguzi. Gari lililotembea maili 200 kwa mwaka, miaka minne mfululizo, lina raba zilizokauka na breki zilizoshika. Tazama na tairi ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. Tairi zenye meno mazuri na miaka 10 ni za kutupa, na seti mpya utailipia wewe.

Sasa tuje kwa mke wako, ambaye kwangu ndiye mwenye kura kubwa. Hapa Uingereza abiria anakaa kushoto, na akishuka mguu wa kushoto ndio unaotangulia na kubeba mwili. Goti lake bovu ni hilohilo la kushoto. Kwa hiyo usimjaribishe gari uani kwa muuzaji, ambako mlango unafunguka mpaka mwisho. Mwombe muuzaji mwende pamoja mpaka maegesho ya supamaketi, uliegeshe katikati ya magari mawili, uzime, na umwache ashuke kama anayekwenda kununua maziwa. Usimguse, na usimwambie aweke mguu wapi.

Milango ya Aston ni mirefu, na ikifunguka hupanda juu kidogo kama bawa, ili isikwaruze ukingo wa barabara. Jambo zuri hilo, ila mlango mrefu katika nafasi finyu haufunguki wote, na kizingiti cha kuvuka ni kipana. 911 iko chini vilevile, lakini kiti kimenyooka zaidi, mlango ni mfupi, na mtu anaona nje vizuri. Wanawake wengi wa umri wa mke wako niliowaona wakishuka kwenye magari haya mawili walishuka kwa heshima kwenye 911. Lakini goti ni lake, na jibu atalitoa yeye.

Na yule mjukuu: Vantage ina viti viwili, basi. 911 ina vile viwili vidogo vya nyuma ambavyo mtu mzima hakai, ila mtoto wa miaka minne na kiti chake cha usalama anaweza kukaa, baada ya kuhakikisha kiti hicho kinafunga sawasawa. Hukuniambia kama ungependa kumpandisha. Lakini umemtaja kwenye aya ya kwanza kabisa.

Hesabu ya pesa ni fupi. Ukichukua Porsche unabaki na 6,500. Ukichukua Aston unabaki na 3,000, na klachi moja inaweza kuzimaliza. Kodi ya barabara nayo inatofautiana kwa sababu utakayoipenda: magari yaliyosajiliwa kabla ya 23 Machi 2006 yamewekewa kikomo, hayapandishwi kwenye madaraja mawili ya juu kabisa hata yawe na moshi kiasi gani. Hiyo Porsche ya Februari imeponea hapo kwa wiki chache. Aston ya 2007 haikupona, na tofauti ni zaidi ya pauni 300 kila mwaka. Bima piga simu ukiwa na namba za magari yote mawili kabla hujalipa hata amana, maana kampuni nyingine zitataka ufunge kifaa cha kulifuatilia gari, na utaje kwamba unalilaza wapi usiku wewe ukiwa kazini.

Hiyo Vantage ya 4.7 sitakuficha, ni gari bora kuliko ya 4.3. Ina farasi 420 na imerekebishwa mengi. Lakini umekaa miaka 11 ukiweka pesa yako taratibu, bila riba na bila kumwogopa mtu wa posta, halafu mwishoni uingie deni lenye fungu kubwa litakalokungoja mwaka uleule unaostaafu? Kataa. Nasema kataa bila kusita.

Mdogo wako usigombane naye. Kwa mahali alipo yeye, anayoyasema yana maana, na matatu mbili zingelisha watu. Ila wewe umeshajenga, umeshasomesha, umeshampeleka mama hija. Huna deni kwa yeyote kati yao, na hukosei. Ninachokuomba ni usitume picha za gari siku ya kwanza. Litulie kwanza mikononi mwako mwezi mmoja au miwili, ulijue na likujue, kabla halijawa mazungumzo ya ukoo.

Ukinibana nitaje moja, nitakwambia 911. Mke wako atashuka kwa raha zaidi, mjukuu ana pa kukaa, unabaki na akiba gari likiugua, na baada ya miaka mitatu ukitaka kuuza, wanunuzi wa 911 ni wengi na hawakawii. Lakini nasema 911, sisemi hiyo ya fedha. Hiyo mpaka kamera ipite. Ikionekana na mikwaruzo, usirudi mbio kwa Aston kwa sababu ya uchungu. Tafuta Carrera ya kawaida ya lita 3.6. Ina farasi 325, na katika barabara zako hutaona tofauti hata siku moja.

Upande wa pili ni huu: kama mke wako atatoka kwenye ile Aston katikati ya magari mawili, asimame wima, afunge mlango na kukwambia amelipenda hili, basi mambo mengi niliyoandika hapa juu yanapungua nguvu. Gari ambalo mke anaomba mlitoe Jumapili litawatembeza kuliko lile ambalo ni sahihi kwenye karatasi. Hapo mwombe mzee ashushe mpaka 29,000. Akikataa, mpe wiki mbili umpigie tena. Msimu wa baridi unakaribia, na Vantage hazigombewi mwezi wa Novemba.

Jumamosi ukienda kwenye Porsche, mpigie yule wa yadi Ijumaa jioni umwambie asiiwashe kabla hujafika, maana injini hizi hulalamika zaidi zikiwashwa baridi na baada ya kupata moto kabisa, na wewe unataka kuzisikia hali zote mbili. Ukifika, kabla ya salamu nyingi, inama nyuma ya gari uguse ekzosi kwa kiganja. Ikiwa na joto, muulize kwa nini.